Mukaba Mweusi Nilioushona Mwenyewe

Kwa jumla mambo yote yalinigharimu mbuzi mmoja, ubavu mmoja, kimono saba nilizoshona bila kulipwa, na Jumapili nyingi ambazo sikuzihesabu, kwa sababu Jumapili ni za Mungu na hesabu yake anayo yeye. Nilipohesabu mara ya pili, mbuzi walikuwa wawili, maana yule alikuwa na mimba. Kwa gharama hiyo nilipata haki ya kudai mukaba mweusi mmoja, ule mkanda wa mabingwa. Na huo mukaba, vijana wangu, mpaka leo hauko kwangu. Uko Bukavu, kwa mwanamke mmoja, na ndiyo sababu ninawaandikia.

Nyinyi vijana wa klabu ya mtaa wetu wa Katoyi mliniuliza juzi: "Muzee Kasereka, tuchague mchezo gani? Judo, karate ao kung-fu? Na mwalimu gani?" Mlifikiri nitawapa jibu la mstari mmoja. Jibu la mstari mmoja lipo, ila mimi nililinunua kwa bei ya juu, siwezi kuliuza kwa hasara. Kaeni kwanza.

Mimi si mwalimu. Nilikuwa fundi wa kushona, barazani pangu hapa Katoyi, miaka thelathini na minne, na kazi yangu kubwa ilikuwa kimono. Mtu yeyote wa mji huu aliyetaka kumpiga mwenzake kwa adabu alipitia kwangu kwanza. Kitambaa cha dukani kilikuwa ghali, basi tulinunua mifuko ya pamba iliyokuwa ya unga, tunaifumua, tunaichemsha na sabuni na majivu mpaka maandishi yatoke. Wino mwingine ulikuwa mkaidi. Kuna mkubwa mmoja wa karate nilimshonea suruali ambayo ikiwa kavu ni nyeupe pe, lakini akitoka jasho makalio yake yanasomeka "kilo 50". Alikuja amevimba kwa hasira.

"Fundi, batu banacheka!"

"Patron, uko na kilo ngapi?"

"Makumi mnane."

"Basi mufuko umekupunguzia. Wengine wangelipa juu ya hiyo."

Hakucheka. Pesa pia sikumrudishia.

Sasa sikieni jambo moja la kazi. Nguo iliyopasuka inazungumza. Kimono ya karate hupasukia msambani, kwa ajili ya mateke. Ya judo hupasukia kwenye kola na makwapani, kwa kuvutwa. Ya kung-fu ya hapa kwetu ilikuwa inachakaa magotini tu, kwa sababu wanafunzi walipiga magoti muda mrefu mbele ya mwalimu. Na ile isiyopasuka popote kwa miezi sita ni ya mtu anayelipa ili apige kelele. Hayo yote niliyajua kama ninavyojua vidole vyangu. Siku nilipoyahitaji, sikuyakumbuka.

Kosa lilianzia kwenye mikaba. Mukaba wa kweli unashonwa mistari minane kwa urefu, uzi uliopakwa nta, la sivyo baada ya mwezi unajikunja kama utumbo. Nilishona mmoja mweusi wa kuonyesha wateja, nikautundika msumarini. Ukaibiwa. Nikashona wa pili, nikajifunga kiunoni nikiwa kazini, nikasema: sasa anayetaka kuiba aje anivue.

Hakuna aliyekuja. Zaidi ya hayo, ndani ya mwezi mmoja wateja wa deni walilipa. Wale waliokuwa wanapunguza bei mpaka mate yananikauka, sasa waliuliza bei mara moja na kunyamaza. Walevi walivuka barabara. Sikusema uongo hata mara moja. Mtu akiniuliza, "Papa Kasereka, kumbe uko maître, mwalimu kabisa?" nilijibu tu, "Eh, tunajaribu." Wao wenyewe ndio waliojaza lililobaki.

Mke wangu Kavira, ambaye ni mtu wa Butembo kama mimi na bei anazijua kuliko mimi, aliniambia, "Papa, siku moja mutu atakuja kununua hicho kintu unatandika hapa barazani, na hauna stoki."

Akaja. Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Siwaambii waasi gani, mmekwisha kuona wengi. Askari mmoja kijana aliniletea suruali ya kutia kiraka, akakaa kuisubiri amefunikwa na kitenge cha Kavira, bunduki mapajani. Nilipomaliza akasema kwa upole:

"Komanda amesikia uko mukaba mweusi. Anataka ufundishe balinzi yake. Jumapili ya sita kutoka leo, kambini."

"Kaka, Jumapili miye ninasalika."

"Na yeye anasalika. Utakuja kisha misa."

"Na kama nikikosa nafasi?"

Akaweka kiganja juu ya mashine yangu, akaipapasa kama mtu anavyopapasa ng'ombe sokoni. "Mashine nzuri hii," akasema. "Iko yako?"

Nikaelewa. Mashine ile ndiyo iliyokuwa inalisha watoto wangu watano. Nikahesabu: wiki sita ni siku arobaini na mbili. Nikahesabu tena: arobaini na moja, maana ile ya leo ilikuwa imekwisha. Katika siku hizo nilitakiwa kupata mwalimu mwenye sifa tatu: awe wa haraka, awe wa bei ya chini, na awe na mdomo wa kufungika. Mkitaka kujua jinsi ya kumkosa mwalimu mzuri, anzeni na hizo sifa tatu.

Nilianzia Himbi, kwa sababu Himbi kuna nyumba nzuri na mimi nilidhani mahali pazuri pana mambo mazuri. Kulikuwa na mwalimu wa karate anayefundishia katika gereji ya villa. Niliuacha mukaba nyumbani, nikamwambia ninamtafutia mpwa wangu nafasi.

"Ana miaka ngapi, mpwa wako?"

"Makumi ine na moja."

Alinitazama, akaniambia bei. Kulikuwa na pesa ya kuandikwa, pesa ya mwezi, pesa ya mukaba wa njano, wa machungwa, wa kijani, kila rangi na mtihani wake, na yote kwa dola. Nikamwomba anipunguzie, tuchukue rangi zote kwa mkupuo mmoja kama mtu anayenunua jumla. Akanionyesha mlango. Nilipokuwa natoka niliwaona wanafunzi wake, wamejipanga safi, wanapiga hewa. Kimono zao nilizishona mwenyewe mwaka wa nyuma. Hazikuwa na mshono hata mmoja uliofumuka. Hata hapo akili haikunijia.

Wa pili alikuwa wa kung-fu, karibu na mpaka, kule Birere. Huyo alijifunza kwa kanda za video, na chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya kuonyeshea sinema, kwa hiyo akipiga ngumi, sauti ilitoka ukutani. Alikuwa na mtindo wa chui, mtindo wa nyoka na mtindo wa korongo. Nikamwambia nina haraka. Akasema kuna siri moja inayopita mitindo yote, inafundishwa kwa siku moja tu, ila siri hainunuliwi kwa pesa.

"Inanunuliwa na nini?"

"Mbuzi. Jike."

Niliomba iwe kuku wawili. Akasema siri ya kuku ipo, lakini ni nyingine. Nikaleta mbuzi. Akamfunga nyuma ya nyumba, akanipigisha magoti saa nzima, halafu akaniinamia sikioni: "Usipigane na mutu anakupita nguvu."

Nikangoja. Hakukuwa na lingine. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimlilia mbuzi wangu. Leo nikihesabu upya nasema ushauri ule ulikuwa mzuri kabisa. Bei ndiyo iliyokuwa mbaya.

Wiki tatu zilikuwa zimekwenda. Jumatatu asubuhi nikakaa kwenye mashine, na mbele yangu, kama kila Jumatatu, kulikuwa na rundo la kimono za kurekebisha kutoka klabu ya judo iliyokuwa nyuma ya soko, katikati ya mji. Kola zilizong'oka, makwapa wazi, mgongo mmoja umepasuka toka juu hadi chini. Nilikuwa nimezirekebisha miaka minne, na wenye nguo walikuja kuzichukua wenyewe. Siku hiyo ndipo nilipojiuliza: nguo zinapasuka hivi, mbona watu hawapasuki? Sikuwahi kuona mmoja wao ana bandeji. Hakuna aliyechechemea. Wale wa Himbi, nguo nzima, nusu yao walikuwa na vifundo vya mkono vilivyofungwa.

Ndilo jibu la mstari mmoja, litieni mfukoni: nendeni mkaangalie nguo zilizoanikwa na watu wanaozivaa. Nguo zimepasuka na watu wazima, lipeni. Nguo nzima na watu wamepasuka, rudini nyumbani.

Mwalimu wa klabu ile alikuwa Maître Furaha, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Asubuhi aliuza maharagwe sokoni, mchana aliangusha watu. Shingo yake ilikuwa imeungana na mabega bila kupitia mahali popote. Nilimkuta anafagia.

"Jambo, Maître."

"Jambo, papa fundi. Umeleta kimono?"

"Nimeleta mutu."

"Iko wapi?"

"Ni miye."

Akautazama mukaba kiunoni mwangu. Siku hiyo nilikuwa nimeuvaa makusudi, kwa sababu uongo ukiwa mzito unautua mbele ya mtu mmoja tu.

"Huo nani alikupa?"

"Nilishona miye mwenyewe."

Akasogea, akaushika ncha, akahesabu mistari kwa ukucha. "Minane," akasema. "Yangu iko na sita." Halafu akasema, "Leta habari."

Nikamweleza yote, hata mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi ilibidi akae chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa fagio. Kisha akauliza zimebaki siku ngapi. Nikamwambia ishirini.

"Kwa siku makumi mbili siwezi kukufundisha kuangusha hata kuku. Nitakufundisha kuanguka."

"Kuanguka nakujua toka utoto."

"Unajua kufika chini. Kuanguka haujui."

"Na ni bei gani?"

"Batu makumi mbili."

"Batu?"

"Utafundisha batu makumi mbili kuanguka, bure. Jumapili ile ya komanda utavaa mukaba wako mara ya mwisho. Jumatatu unauleta, unabaki kwangu. Ukimaliza batu, unakuja kuuchukua, na hapo utakuwa wako."

"Makumi mbili ni wengi, mama. Wanane."

"Kumi na nane."

"Kumi, na nakushonea bashi ya hii sakafu."

"Kumi na mbili, unashona bashi, unatengeneza kimono saba za watoto ya yatima, na unatoa misumari kwenye unga wa mbao."

"Kumi na mbili," nikasema. Nilijua nimepigwa, na mchezo wenyewe ulikuwa haujaanza.

Sakafu yake, kwa wasiojua, haikuwa mikeka ya dukani. Ilikuwa unga wa mbao wa mikaratusi, kina cha kiwiko, umefunikwa na bashi ya plastiki iliyovutwa kama ngozi ya ngoma. Bashi zile zilikuwa vipande vya mahema yaliyozeeka ya kambi ya wakimbizi ya Mugunga, mimi ndiye niliyeviunga. Unga unachekechwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, unaipitisha taratibu, misumari ya maseremala inaruka yenyewe kuja. Siku ya kwanza nilitoa misumari sitini na mmoja. Mmoja tu ungetosha kumfundisha mtu jambo ambalo halimo katika judo.

Na kuanguka ni hivi. Kidevu kifuani, uangalie fundo la mukaba wako. Mgongo uwe duara. Mkono mzima, toka kwapa hadi vidole, upige chini kidogo tu kabla ya mgongo kufika. Na usinyooshe kiganja kuzuia ardhi, kamwe. Kila mtu ananyoosha kiganja, ndiyo maana kila mtu anavunjika kifundo. "Wewe fundi," aliniambia Maître, "ukivunja mukono umevunja chungu yako." Siku ishirini niliangushwa na watoto wa shule, na mama wauza samaki, na siku moja na katekista. Nyumbani niliendelea kwenye godoro, na Kavira amekaa pembeni anachambua mboga, ananiambia, "Tena. Hiyo ilikuwa sauti ya gunia."

Jumapili ikafika. Kambini walinzi kumi walikuwa wamejipanga, na komanda mwenyewe katikati, mtu mrefu, mikono kama mitwangio. Niliwafundisha kuanguka, saa nzima, kwenye majani. Walinung'unika. Mwisho komanda akavua koti.

"Maître, tumechoka kulala chini. Sasa angusha mimi, batoto baone."

Mashine yangu niliiona mbele ya macho, inabebwa kwenye jipi ya askari. Nikainama kwa heshima.

"Afande, kwetu mutu hamwangushake mukubwa mbele ya batoto yake. Weye ndiye uniangushe. Vile bataona nguvu."

Alilipenda hilo. Akanikamata, akaninyanyua, akanibwaga. Pa! Mkono ukapiga, kidevu kifuani, nikasimama, nikajipangusa, nikainama. Walinzi wakasogea waone. Akanibwaga tena. Pa! Nikasimama. Ya tano alianza kuhema. Ya nane alikuwa ananibwaga kwa hasira, mimi nainama kwa adabu. Aliniangusha mara kumi na moja. Nilihesabu mara mbili: ya kwanza palepale, ya pili kesho yake, kwa kugusa mwili sehemu moja moja. Mwisho akashika magoti yake, akasema, huku jasho linamtiririka, "Huyu mutu ni mupira." Akanipa kilo tatu za sukari na kunirudisha kwa jipi. Alikuwa amemwangusha mukaba mweusi mara kumi na moja. Mimi nilikuwa nimebaki na mashine. Sijawahi kufunga biashara ambayo pande zote mbili ziliondoka zimefurahi namna ile.

Jumatatu nilipeleka mukaba. Nikajaribu kuwahesabu wale walinzi kumi. Maître akakataa. "Wale uliwafundisha kwa kuogopa, nabo balijifunza kwa kuamriwa. Anza na sufuri."

Nilianza na sufuri, na nilibaki kwenye sufuri muda mrefu, kwa sababu nani anakuja kwa fundi kujifunza kuanguka? Halafu mlima ukatapika moto. Mlikuwa hamjazaliwa, huu wa juzi mliouona nyinyi ulikuwa mdogo wake. Moto ulipita katikati ya mji, ukalala juu ya soko na juu ya klabu ya Maître, unga wa mbao, bashi zangu na yote. Sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Siku ya kurudi, tulipita juu ya mawe ya ule moto, juu yameganda, chini bado yanapumua joto, viatu vinanuka. Nilikuwa nimekumbatia kichwa cha mashine kifuani kama mtoto. Jiwe likageuka. Mikono ilikuwa imejaa, ya kupiga chini sikuwa nayo. Nikaingiza kidevu, nikafanya mgongo duara, nikabingirika. Shati lilipasuka mahali kumi na tatu, ubavu mmoja ukalia. Mashine haikupata hata mchubuko.

Nyuma yangu kulikuwa na mama amebeba godoro kichwani. "Papa! Ulijifunza wapi kuanguka hivyo?" Akanisaidia kusimama, na palepale, juu ya mawe yenye moto tumboni, nikamwonyesha: kidevu, mgongo, mkono. Akajaribu kwenye godoro lake, huku watu wanatukata jicho. Huyo ndiye wa kwanza.

Maître naye aliokoka. Aliondoka na vitu vitatu: sufuria, kimono yake na godoro, na godoro alilifunga kwa mukaba wangu. Amenitumia ujumbe mara nyingi kutoka Bukavu, alikohamia: "Mishono yote minane iko." Sasa ni mzee, magoti yamemgomea, haangushi mtu tena. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Fundi, uko kwa ngapi? Fanya haraka, miye siyo mulima, sitarudi mara ya pili."

Nikahesabu. Mama wa godoro, majirani wawili, mkwe wangu, shemasi mmoja, wabeba mizigo watatu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, ambao walihitaji somo hilo kuliko wote, mjukuu wangu, muuza maziwa kutoka Masisi, na mwalimu wa hesabu. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na wawili, kwa sababu mara ya pili nilimtia Kavira. Majira ya mvua alitoka ziwani na bidoni la maji, akateleza kwenye ngazi ya mawe, akaanguka kidevu kifuani, mkono ukapiga, pa! Akasimama bila alama.

Nikamwambia, "Unaona? Nilikufundisha."

"Nani alinifundisha? Miye nilikuwa nachambua lengalenga. Nilitazama tu makosa yako, nikafanya kinyume."

Mwaka mzima tunabishana, na katika nyumba hii hakuna anayepunguza bei. Nikimtia bila ridhaa yake, Maître atamuuliza, na Kavira hasemi uongo kwa faida ya mtu mwingine. Boti ya Jumamosi ya kwenda Bukavu nimekwisha kuiulizia. Basi nyinyi mnaopenda kuniuliza, leo nawauliza mimi: mwanamke aliyejifunza kwa kunicheka, anahesabika au hahesabiki? Nipeni shauri kabla ya Jumamosi. Na kama mtaona hahesabiki, unga wa mbao uko uani kwangu, nimeuchekecha mara mbili, na sumaku imetoka tupu. Ninahitaji mmoja tu.